Kosa la Kipaka ni la Nani?

Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, Aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, wala hakusahau riziki ya hata kimoja katika hivyo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake. Amma baad.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaona ajabu kwa karatasi hii, iliyozoea kuwaletea mambo ya uzushi katika dini, na mahari, na mirathi, kuwaletea leo khabari ya kipaka kilichokojoa juu ya msala. Nasi tulisita sana kabla ya kuiandika. Walakini tuliipima tukaona kwamba ndani yake mna suala ambalo wakubwa wa ilimu wamelitolea wino mwingi: ni nani astahikiye kuadhibiwa, na kwa masharti gani? Na suala hili halikai vitabuni tu. Hulala nasi na kuamka nasi majumbani mwetu. Tena katika kisa hiki tulikosea sisi wenyewe, na mwenye kukosea mbele za watu, kwa jina la ilimu, wajibu wake ni kujirudi mbele za watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulikuwa katika safari ya bara, tukatoka Bungoma tukapita Kimilili, na kutoka hapo njia ikaanza kupanda mpaka Kapsokwony, mji ulio mabegani mwa Mlima Elgon. Nyinyi watu wa Mombasa na Lamu mnaolala madirisha wazi hamwezi kuijua baridi ya huko mpaka muionje. Jua likizama, kila mlango hufungwa, na watu hukaa karibu na moto. Waislamu huko si wengi. Wa karibu nao walio na historia ndefu ni wale wa Mumias, ambako dini iliingia na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Mwenyeji wetu ni mfanyabiashara wa mahindi na vitunguu, mtu mkarimu, mwenye kuhifadhi sala zake, na nyumba yake ina chumba cha mbele cha saruji, jiko la sakafu ya udongo, na ghala iliyojaa magunia ya mahindi.

Panapo mahindi pana panya, na panapo panya hutakiwa paka. Basi akaletewa na jirani kipaka kidogo mno, ambacho kwa kukitazama hakikuwa kimetimiza mwezi na nusu. Kikanyeshwa maziwa ya ng'ombe asubuhi na jioni, kwani maziwa huko ni mengi, alhamdulillahi. Hazikupita siku tatu kikaanza kuharisha: leo nyuma ya magunia, kesho katika majivu ya jikoni, kesho kutwa juu ya nguo zilizokunjwa. Mama wa nyumba alikuwa amefundishwa na wakubwa wake kwamba dawa ya paka mchafu ni kumshika shingo, kumsukumiza pua katika uchafu wake, kisha kumpiga. Akafanya hivyo siku kumi. Kipaka hakikuacha, kilichojifunza ni kuingia mvunguni na kufanya huko kusikoonekana. Mpaka alfajiri moja mwenyeji wetu akainuka kutaka kusali, akakuta msala wake umelowa.

Jioni ya siku hiyo ndipo tulipowasili. Baada ya chakula akatuuliza, "Sheikh, paka ni najisi au si najisi?" Tukamjibu kwamba paka mwenyewe ni tohara, walakini mkojo wake na choo chake ni najisi katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Akauliza, "Basi tukimtoa nyumbani, tutakuwa na dhambi?" Nasi tulikuwa tumechoka na safari, na Isha imekwisha ingia, tukasema, "Si lazima kwa mtu kufuga paka." Kila neno katika jibu hilo ni kweli. Naye akamwita mwanawe, kijana wa miaka minane, akamwambia akichukue kipaka akakitupe mbali, kule kwenye njia ya sokoni. Mvua ilikuwa ikinyesha. Sisi tukasimama kusali.

Yule kijana alirudi mikono mitupu, nguo zimemshika mwilini kwa maji. Usiku tukasikia sauti nyembamba ikilia ndani ya nyumba. Kulipokucha, kipaka kilitoka katika sanduku la nguo za kijana. Baba akainua mkono. Kijana akasema, "Baba, hakikujua. Hata mimi huwa sijui, nikiamka nimekwisha lowa." Mama akainama, na mkono wa baba ukabaki juu, usishuke wala usirudi. Ndipo tulipofahamu kwamba katika nyumba ile hakuwa kipaka peke yake aliyekuwa akipigwa kwa mkojo.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipojua kwamba jana usiku tuliulizwa mambo mawili nasi tukajibu moja. Tuliulizwa khabari ya maji na khabari ya uadilifu. Tukajibu ya maji.

Tuanze basi na asili ya jambo. Kosa ni nini? Si kila madhara ni kosa. Mvua ikiangusha ukuta, hatusemi mvua imekosa. Kosa latakiwa liwe na mtu ajuaye kwamba jambo hili limekatazwa, tena awe na uwezo wa kuliacha, tena awe na njia nyingine ya kwenda. Likipungua moja katika hayo, lililobaki ni msiba au ni bahati mbaya, na msiba hauadhibiwi. Na hii si falsafa ya watu wa Ulaya. Ni Sharia yetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa juu ya watatu: aliyelala mpaka aamke, na mtoto mpaka abaleghe, na mwenda wazimu mpaka akili zimrudie. Ikiwa kalamu imeinuliwa juu ya mwanadamu aliyelala, je, mnyama asiye na akili ya amri na makatazo? Wanavyuoni hawana khitilafu kwamba mnyama si mukallafu. Na kipaka kile cha Kapsokwony hakikuwa na hata moja katika yale matatu: hakikujua, hakikuweza kulizuia tumbo linaloendesha, wala hakikuwa na njia nyingine, kwani mlango ulifungwa kwa baridi na ndani hapakuwekwa mahali pake.

Mwenyeji wetu alitupinga, na hoja yake ni nzuri, kwa hiyo twaitaja. Alisema, "Sheikh, kinajua. Mimi nikiingia tu, hukimbia na kujificha. Asiyejua kosa lake hukimbia nini?" Watu wengi husema maneno haya, na hata walimu wa vyuoni huyasema juu ya watoto. Lakini tazama vyema. Kinachokimbiwa ni mkono. Kipaka kimejifunza kwamba mtu huyu, akiingia na uso namna hii, huumiza. Hakikujifunza kwamba haja hufanywa mahali fulani wala haifanywi mahali fulani, kwani hakuna aliyekionyesha mahali. Tena kipigo kilikuja saa nzima baada ya haja, na mnyama haungi la sasa na la saa iliyopita kama tuungavyo sisi. Hofu si maungamo. Mfungwa hutetemeka mbele ya askari naye hana hatia, na mwanafunzi hugugumia mbele ya mwalimu hali amehifadhi. Tukiifanya hofu kuwa ushahidi wa kosa, basi kila mwenye fimbo atakuwa na haki daima, maana fimbo yenyewe ndiyo imletayo shahidi.

Mwingine aweza kusema: mbona Nabii Sulaiman (a.s.) alimtishia ndege hudihudi kwa adhabu kali, hata kumchinja, kwa kukosekana katika mkutano? Kisa hiki kimo katika Sura ya Naml, nacho ni hoja yetu, si hoja juu yetu. Sulaiman alikuwa amefundishwa matamko ya ndege. Amri yake hudihudi aliifahamu, na udhuru wa hudihudi yeye aliufahamu. Juu ya hayo hakuadhibu. Aliweka sharti kwamba ndege akileta hoja iliyo wazi ataachwa. Na alipokuja, ikawa mdogo yule anayo khabari ambayo mfalme hakuwa nayo, khabari ya Sabaa na malkia wake. Basi mwenye kujua lugha ya paka na amhoji paka wake. Sisi tusioijua, litufaalo ni kwanza kutafuta udhuru ambao yeye hawezi kuusema.

Na lau tungetafuta, udhuru ulikuwa karibu. Ulikuwa katika kibakuli cha maziwa. Watu wengi hudhani maziwa ya ng'ombe ndiyo chakula cha paka, na paka huyanywa kwa furaha. Lakini paka wengi matumbo yao hayawezi kuisaga sukari iliyomo katika maziwa hayo, khasa wakisha kuacha ziwa la mama, na huwaharisha. Kwa hivyo nyumba ile ilikuwa ikikipa kipaka ugonjwa asubuhi kwa mkono wa kulia, na kukiadhibu kwa ugonjwa huo mchana kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyekusudia dhulma. Mama yule alikuwa akikirimu. Lakini dhulma haihitaji kukusudiwa ili iumize, na hili ndilo lililotutisha sisi zaidi ya fimbo.

Yako mengine pia. Mtoto wa paka katika majuma matatu ya mwanzo hawezi hata kufanya haja peke yake. Mama yake humlamba mpaka itoke, kisha akasafisha. Kiasi cha juma la nne huanza kuparua mchanga au udongo uliolegea, akafanya na kufukia. Haya amejaaliwa na Mola wake wala hakufundishwa na mtu, ila mengi huyakamilisha kwa kumtazama mama yake, na kwa ajili hiyo wajuao husema asitengwe naye kabla ya majuma manane. Kile kilitengwa mapema. Tena tazama kilichagua wapi: majivu, sakafu ya udongo, nguo laini zinazopareka. Yaani kilikuwa kikitafuta mchanga. Kilikuwa kikitii maumbile yake katika nyumba isiyo na mchanga. Sisi wa pwani hatuoni shida hii kwa kuwa nyumba zetu zimezungukwa na mchanga. Paka wa Lamu wanaongoja samaki gatini hawakufundishwa na mtu, nao hawakosi pa kufukia.

Je, mnyama haadabishwi kabisa basi? Hatusemi hivyo. Qur'ani katika Sura ya Maida imewataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na imesema kwamba wenye kuwafundisha huwafundisha katika yale aliyowafundisha wao Mwenyezi Mungu. Angalieni mpango huo: mwanadamu hufundishwa kwanza, kisha ndipo afundishe. Na mpanda punda au ngamia ameruhusiwa kumhimiza kwa kadiri ya haja. Ama uso, Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga usoni na kutia chapa usoni, na hadithi yake imo katika Sahihi ya Muslim. Kumshika mnyama na kumsukumiza uso wake katika najisi kuko karibu sana na mlango huo kuliko watu wanavyodhani, tena hakufundishi kitu.

Hapa twapenda kuwaletea masala moja ya fiqihi ambayo twaona imebeba falsafa nzima ya jambo hili. Imamu Nawawi katika Minhaj ameieleza hukumu ya paka aharibuye ndege au chakula cha watu. Ikiwa paka huyo amejulikana kuwa hiyo ndiyo tabia yake, basi mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana, katika kauli iliyo sahihi zaidi; na ikiwa hakujulikana hivyo, halipi. Tafakarini. Paka ndiye aliyekula njiwa, lakini hakuna katika hukumu hiyo neno lolote la kumuadhibu paka. Deni limekwenda kwa yule ajuaye. Alipoijua tabia ya paka wake asimfunge wala asimzuie, ujuzi ule ukageuka dhima shingoni mwake. Basi na katika nyumba ni hivyo hivyo: siku ya kwanza kipaka kilipokosea mahali, haikuwa kosa la mtu. Kuanzia siku ya pili likawa kosa la nyumba.

Tuirudie sasa hadithi ya paka inayojulikana na kila mwanafunzi, ila husomwa kwa haraka. Kabsha binti Kaab bin Malik, mke wa mtoto wa Abu Qatada, alimtilia mkwewe maji ya kutawadha. Akaja paka kunywa, na Abu Qatada akamuinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona mkaza mwana wake anamtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani yeye ni katika wale wanaokuzungukieni. Neno hili la kuzunguka ndilo lile lile lililotumika katika Sura ya Nur kwa watumishi na watoto wasiobaleghe, waingiao na kutoka katika vyumba vya watu wazima. Yaani paka ametiwa katika orodha ya watu wa nyumba, na sharia ikapanuliwa ili apate nafasi, kwa kuwa kujikinga naye ni taabu. Wanavyuoni wamefahamu kwamba rukhsa hiyo ni ya mate yake na mwili wake. Mkojo haumo, wala hatutaki mtu aseme tumeuhalalisha. Lakini anayeangalia makusudio ya rukhsa ataona kwamba Sharia ilipokutana na kiumbe kinachozunguka, haikuanza kwa kukitoa. Ilianza kwa kutafuta namna ya kukaa nacho.

Na iko hadithi kubwa zaidi katika mlango huu, ya yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Huyo hakuwa paka. Alikuwa mtu mzima, mwenye akili, na mahali penyewe ni msikiti ambao hauna mfano ila mmoja. Sahaba wakamrukia. Mtume (s.a.w.) akawazuia, akamwacha amalize haja yake, akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale, akawakumbusha Sahaba kwamba wametumwa kurahisisha wala hawakutumwa kutia uzito, na bedui akaelezwa misikiti imewekwa kwa ajili gani. Ikiwa hayo ndiyo yaliyofanywa kwa mtu ambaye lau angeuliza angejibiwa, basi kiumbe kisichoweza kuuliza kina haki zaidi ya ndoo ile na subira ile.

Ama kazi yenyewe ya kukizoeza kipaka, ni nyepesi mno mtu akiianza mahali pake. Tuliifanya pamoja na yule kijana asubuhi ile. Karai la nyumbani lilikuwa refu kwa miguu mifupi, tukakata ubavu wa mtungi wa plastiki wa lita 20, ikabaki sinia yenye kingo za vidole vinne. Tukaijaza udongo mkavu na maranda kutoka kwa seremala. Mtu mmoja alishauri majivu, kwa kuwa kipaka kilikwisha yapenda. Tukayaacha, kwani majivu yakilowa huwa makali na huunguza nyayo. Tukaiweka pembeni, mahali pa kimya, mbali na chakula chake, maana paka hapendi kula karibu na choo, na katika hili ana adabu kuliko baadhi ya wajengao nyumba. Kila kikiamka, na kila kikisha kula, kijana hukibeba akakiweka humo, bila kelele wala kukishikilia. Kipande kidogo cha choo chake kikaachwa mle siku ya kwanza ili harufu imwongoze. Maziwa yakakoma, kikapewa maji, na ugali mlaini uliochanganywa na dagaa waliopondwa, na nyama kidogo kila ilipopatikana, kwa kuwa paka ni mla nyama na ugali peke yake haumtoshi. Choo hutolewa kila siku na kuzikwa. Na mwanamke mwenye mimba asikisafishe yeye, kwani choo cha paka chaweza kuwa na kijidudu kiitwacho toksoplasma kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kijidudu hicho huhitaji angalau siku nzima kabla hakijawa na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo usafi wa kila siku ni kinga kwa nyumba nzima.

Jambo moja lilitufurahisha sana. Paka hurudi kukojoa pale anapoisikia harufu ya mkojo wake wa jana. Kwa hiyo mahali palipofutwa kwa kitambaa tu, kwetu paonekana pakavu, kwake yeye ni choo kilichoandikwa jina lake. Sasa tazama fiqihi yetu: najisi ya namna hii haitoshi kukauka. Yatakiwa kuondoshwa dhati yake, na ladha, na rangi, na harufu, kisha maji safi yapitishwe juu yake. Na harufu peke yake au rangi peke yake husamehewa pale tu iwapo mtu amejitahidi nayo haikuondoka. Basi mtu akiitekeleza tohara kama ilivyoamrishwa, atakuwa amesali juu ya msala ulio safi na papo hapo amemfundisha paka wake. Mwenyeji wetu alikuwa ameuanika msala wake juani ukakauka. Tukamwambia auoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha aumwagie maji matupu mpaka yapite.

Pia ifahamike kwamba paka mkubwa aliyekuwa na adabu yake, kisha ghafla akaanza kukojoa ovyo, au akachuchumaa mara nyingi bila kutoka kitu, huyo ni mgonjwa, na dume aliyezibika mkojo aweza kufa kwa siku chache asipotibiwa. Na shume aliyekomaa hurusha mkojo ukutani kutia alama ya mpaka wake; hilo ni jambo jingine na lina dawa nyingine. Wala yote hayo si mambo ya majini. Twaona haya kuliandika hili, lakini wako watu katika miji yetu ambao paka mweusi akikojoa mlangoni humwendea mganga kabla ya kumwendea daktari wa mifugo, na mganga hula fedha zao na paka akaendelea kukojoa.

Sasa turudi kwa jibu letu la usiku ule. Ni kweli si lazima mtu kufuga paka. Lakini aliyemwingiza nyumbani, akamtenga na mama yake, amekwisha jifunga. Mtume (s.a.w.) ametukhabarisha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ale vidudu vya ardhini. Watu hulifahamu katazo kuwa ni la kufunga tu, wakasema, sisi hatukumfunga, tumemtupa. Illa ya hukumu ni kumfikisha mahali ambapo hana chakula kutoka kwako wala uwezo wa kujitafutia, na kipaka cha majuma sita kilichotupwa njiani katika mvua ya Mlima Elgon hakina kimojawapo. Lau tungeulizwa tena, tungesema: asiyemtaka na ampeleke kwa atakayemlea, na kama hayupo, na amlee yeye mpaka ajiweze. Jibu letu la kwanza tunalirudi, na tumemwandikia mwenyeji wetu kwa mkono wetu kumwambia hivyo.

Waislamu waliotutangulia walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi. Edward Lane, Mwingereza aliyekaa Misri katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika kwamba Sultani Baybars alikuwa amewakfia paka bustani karibu na msikiti wake Cairo, na kwamba hata baada ya bustani ile kuuzwa na kubadilika mikono, paka waliendelea kulishwa kila siku katika ua wa Kadhi. Baybars huyo alikufa mwaka 1277, mwaka ule ule aliokufa Imamu Nawawi, ambaye hakuwa rafiki yake hata kidogo na alimkabili kwa maneno makali juu ya mali za watu. Lakini katika paka walikutana, mmoja kwa wakfu na mwingine kwa fiqihi.

Limebaki la mtoto. Tulikaa na baba yake faragha baada ya Adhuhuri, wala hatukumhutubia. Tulimuuliza tu akumbuke Sharia imepanga vipi katika sala, iliyo nguzo ya dini. Mtoto huamrishwa akiwa na miaka saba, na kupigwa hakutajwi ila afikapo kumi, tena kwa masharti ambayo wanavyuoni wameyabana sana. Baina ya amri na fimbo pana miaka mitatu mizima ya kufundisha, kwa jambo ambalo mtoto yu macho akilifanya na aweza kulifanya. Je, kwa jambo limpatalo naye amelala, na kalamu imeinuliwa? Madaktari husema kikojozi hakusudii. Usingizi wake ni mzito na kibofu chake hakijakomaa kumwamsha, na mara nyingi hali hiyo imo katika ukoo. Baba akanyamaza kitambo. Kisha akatuambia kwamba yeye mwenyewe alikikojolea kitanda mpaka miaka kumi na moja, na kwamba babake alikuwa akimvisha shuka lililolowa shingoni na kumpeleka uani watu wamwone. Hakuwahi kumwambia mkewe hayo. Tulimuuliza, "Na uliacha kwa sababu hiyo?" Akasema, "Hapana, Sheikh. Niliacha tu."

Tulipokuwa tukiyamaliza haya, tumepigiwa simu kutoka Kapsokwony. Kipaka kimefanya nje ya sinia mara mbili tangu tuondoke, na mara zote mbili ilikuwa siku ambayo sinia haikusafishwa. Panya watatu wameuawa, ingawa mama wa nyumba asema wawili kati yao aliwaua yeye. Khabari za kijana hatukuuliza, wala baba yake hakuzitaja. Ila aliuliza kama mtu akiweka turubai chini ya godoro inambidi kuliosha turubai kila siku au yatosha kulimwagia maji. Tukamjibu kwamba kwa kitu kisichonyonya, ikisha kuondoshwa dhati ya najisi, yatosha kulimwagia maji.